Daftari Linalokwenda Nyumbani

Mtoto wa Unguja ana skuli mbili. Asubuhi anakwenda skuli, na alasiri anakwenda chuo kujifunza Kurani. Au kinyume chake, pale skuli inapokuwa na mikondo miwili na yeye akawa wa mkondo wa mchana. Sisi tuliotoka bara kuja kuhudumu hapa tuliliona jambo hili tangu wiki ya kwanza, maana ikifika saa nane na nusu vichochoro vya Mji Mkongwe hujaa kanzu ndogo nyeupe na mitandio, na juzuu zimebanwa kwapani. Lakini kuona watoto wakipita ni jambo moja, na kujua siku yao inavyokwenda hadi usiku ni jingine. Hili la pili tulilijua kwa sababu ya mwalimu mmoja kijana aliyekaa nasi nyumbani kwetu mwaka 2010, na kwa sababu ya madaftari yake.

Alikuwa binti kutoka Upareni, amemaliza cheti cha ualimu, akapata kazi katika skuli moja ya binafsi. Usharika wake ulituandikia barua, nasi tukampa chumba. Alituita baba na mama mchungaji, nasi tukamwita mwalimu, maana alilipenda jina hilo na alikuwa amelipata kwa jasho.

Wanaokumbuka mwaka ule watakumbuka giza. Tangu tarehe 10 Desemba 2009 kisiwa kizima cha Unguja hakikuwa na umeme, kwa hitilafu kwenye njia ya waya unaopita chini ya bahari kutoka bara na kutokea Fumba. Haikuwa mara ya kwanza. Mei 2008 tulikaa hivyo karibu mwezi mzima. Safari hii ilikuwa miezi mitatu. Mahoteli na maduka makubwa yaliwasha majenereta, na kelele zake zikawa ndiyo sauti ya mji. Sisi wengine tulirudi kwenye vibatari na mishumaa. Pampu za maji zilisimama, kwa hiyo foleni za visimani zilirudi, na foleni hizo zilikuwa za akina mama na za watoto.

Skuli zilifunguliwa Januari katika hali hiyo. Mwalimu wetu alikabidhiwa darasa la nne, watoto 43, somo la hisabati. Kanuni ya skuli ilikuwa kila siku mtoto apate kazi ya nyumbani, na mzazi atie saini chini yake kuonyesha ameiona. Wiki ya kwanza aliwapa hesabu 20 kila siku. Ndivyo alivyofundishwa yeye, na ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa. Kwa kuwa vitabu havikutosha, watoto walizinakili hesabu hizo ubaoni, na robo ya kipindi iliishia hapo.

Sasa tufanye hesabu aliyoifanya yeye mwenyewe usiku wa siku ya nne, mezani kwetu, kwenye kibatari kilichokuwa kikitoa moshi kuliko mwanga. Hesabu 20 kwa watoto 43 ni hesabu 860. Akisahihisha kila moja kwa sekunde kumi, bila kunywa maji wala kupenga kamasi za moshi, ni zaidi ya saa mbili na dakika ishirini. Na hiyo ni kuweka alama ya vema au kosa tu, bila kuandika neno hata moja la kumweleza mtoto alikokwama. Alisema, "Mama, mimi sifundishi. Mimi nahesabu." Mama mchungaji akamwambia alale.

Kati ya madaftari hayo, kama kumi kila siku yalirudi tupu au nusu. Waliokuwa nayo walikuwa karibu wale wale. Desturi ya skuli ilikuwa kuwasimamisha mbele ya darasa. Mwalimu wetu aliwasimamisha siku mbili, tena bila raha. Siku ya tatu akaanza kuwauliza mmoja mmoja wametoka wapi jana na wamekwenda wapi. Alitoka skulini na karatasi yenye saa za watoto hao, akaisoma mezani kwetu. Mmoja: skuli hadi saa saba, chakula, chuo saa nane na nusu hadi saa kumi na moja, kisimani hadi magharibi, kisha giza. Katika nchi yetu jua halichelewi kuzama. Kabla ya saa moja usiku hakuna tena cha kusoma. Mwingine: hivyo hivyo, ila baada ya magharibi anarudi chuo tena hadi isha. Wa tatu anamsaidia mama yake kukaanga maandazi alfajiri, na usiku ule kibatari cha nyumba kiko kwenye unga.

Karatasi ile ilitusomea Maandiko upya. Katika Mathayo 23 Bwana anawakemea walimu wanaofunga mizigo mizito na kuwatwika watu mabegani, wakati wao wenyewe hawaigusi hata kwa kidole. Tumezoea kulihubiri neno hilo juu ya Mafarisayo, watu wa zamani na wa mbali. Lakini mizigo hiyo waliitwika walimu, na kila mwalimu, wa skuli au wa kanisa, anaifunga mizigo midogo kila siku bila kuipima. Jambo lililotugusa ni kwamba mwalimu huyu aliigusa. Aliibeba mwenyewe, 860, akaona uzito wake mabegani mwake kabla ya kuuona mabegani mwa watoto.

Kisha ikaja habari ya saini.

Msichana mmoja alikuwa akirudisha kazi yake safi kila siku, lakini chini yake, mahali pa saini ya mzazi, pana mchoro wa kalamu: mistari iliyopinda, nukta tatu nne juu na chini. Kila siku mchoro ule ule. Mwalimu alimwita akamuuliza nani ameandika hapa. Msichana akasema bibi. Akamuuliza bibi ameandika nini. Msichana akanyamaza, akainama. Kwa mwalimu mpya jibu lilikuwa wazi: mtoto amejitilia saini mwenyewe. Na adhabu ya kughushi saini katika skuli ile haikuwa kusimama tu.

Alilileta daftari nyumbani kabla ya kulipeleka kwa mkuu wa skuli. Tulilitazama, nasi hatukusoma kitu. Tulilipeleka kwa jirani yetu, mzee mwenye duka la viungo, Mwislamu ambaye tumekunywa naye kahawa barazani miaka mingi. Alilisogeza karibu na taa, akasoma bila kusita: "Nimeona." Ni Kiswahili, akasema, kwa herufi za Kiarabu. Mwandiko wa mtu mzima aliyefundishwa vizuri.

Hapa tusimame kidogo, maana wengi wetu wa bara hatuijui historia hii na tunapaswa kuijua kama tunaishi kati ya watu hawa. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Ludwig Krapf, mtoto wa Kanisa la Kilutheri la Württemberg, alifika Unguja Januari 1844 kabla ya kwenda Mombasa, akakiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Edward Steere wa misheni ya Waanglikana akaendelea na njia hiyo. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870. Serikali ya kikoloni ilipofungua skuli zake mwanzoni mwa karne ya 20 ilifundisha kwa herufi hizo hizo, na wazazi wengi walisita kuwapeleka watoto hadi Kurani ilipopewa nafasi katika ratiba. Kwa hiyo yuko bibi katika mji huu ambaye ofisi zetu zinamwandika kuwa hajui kusoma, naye anasoma kila siku.

Mwalimu na mama mchungaji walikwenda kwa bibi huyo Kikwajuni siku iliyofuata, baada ya alasiri. Tunayaandika mazungumzo kama tulivyoyapokea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Piteni ndani. Huyu ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Mjukuu wangu kaniambia mwalimu hayataki maandishi yangu."

"Sikuyajua, bibi. Nimekuja unisamehe."

"Na mimi ya kwako siyajui. Namtazama mtoto tu akiandika. Akisita, najua hapa pana ugumu. Akimaliza nampigia saini. Sasa kaa, unywe chai."

Katika chai ile mwalimu alijifunza kwamba bibi alikuwa mchuuzi wa nafaka enzi za ujana wake, na kwamba anagawa na kuzidisha kwa kichwa kuliko darasa zima la nne. Alimuuliza mwalimu kama bado wanafundisha pishi. Mwalimu akakiri kuwa hawafundishi. Bibi akamhesabia kwa vidole: kisaga kimoja ni vibaba viwili, pishi moja ni visaga viwili, basi pishi ni vibaba vinne. Kila mtoto wa Kiislamu hulisikia neno pishi ikifika zaka ya fitri, lakini si kila mmoja anajua limebeba nini ndani yake.

Tangu hapo kazi ya nyumbani ilibadilika. Hakupata maarifa yote kwa siku moja. Alijaribu hivi na vile hadi karibu mwisho wa Februari. Kwanza alishusha hesabu kutoka 20 hadi 4. Mbili ni za yale aliyofundisha siku hiyo, moja ya yale ya mwezi uliopita ambayo watoto wameshaanza kuyasahau, na ya nne haikuandikwa kabisa. Ilikuwa ya kuuliza. Mwulize mtu mzima wa nyumbani pishi mbili na nusu ni vibaba vingapi. Hesabu ndoo ulizochota leo, kila ndoo lita ishirini, ni lita ngapi jumla. Kesho yake darasani kila mtoto alisema kwa mdomo alichoambiwa, na waliokuwa na madaftari matupu walikuwa na la kusema kama wengine. Jibu la mdomo halihitaji kibatari.

Pili, alikwenda kuonana na maalim wa chuo ambako wengi wa watoto wake walisoma. Tulikuwa na wasiwasi kidogo na safari hiyo. Mwalimu Mkristo, mgeni, anakwenda kuzungumzia kazi za chuo. Ikawa shwari. Maalim alimkaribisha mlangoni akamuuliza, "Unawapa ngapi kwa siku?" Akasema amekuwa akiwapa ishirini. Maalim alicheka. "Mimi nawapa aya tatu wahifadhi. Aliyezidiwa namwambia lete moja." Kisha akamwambia jambo ambalo hakuna kitabu cha ualimu kingemwambia: chuo chake hupumzika Alhamisi na Ijumaa. "Kama una kazi kubwa, wachukue Alhamisi. Siku nyingine waachie nafasi, watakusikia vizuri zaidi." Basi kazi ya kuandika ikawa Alhamisi, na siku nyingine zikabaki hizo nne fupi.

Kwetu Walutheri hili halikupaswa kuwa geni. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue skuli, za wavulana na za wasichana pia. Alijua wazazi watalalamika kuwa wanawahitaji watoto nyumbani, na jibu lake linashangaza: mvulana akae skuli saa moja au mbili kwa siku, muda uliobaki afanye kazi nyumbani na kujifunza ufundi; msichana naye apate saa moja. Hatusemi turudi huko. Dunia ya leo inadai zaidi, na mtoto wa saa moja hatafika mbali. Lakini mtu aliyepigania skuli kuliko wengi wa zama zake aliihesabu kwanza siku ya mtoto, kisha ndipo akakata kipande cha skuli.

Na Katekisimo Ndogo yenyewe ni nini kama si kazi ya nyumbani? Luther alishiriki ukaguzi wa sharika za Saksonia mwaka 1528, akasikitishwa na alichokiona. Watu wamebatizwa na hawaijui Sala ya Bwana. Mwaka 1529 akatoa Katekisimo, mwanzoni kwenye karatasi kubwa za kubandika ukutani, na akaikabidhi kwa mwenye nyumba awafundishe watu wake. Wengi wao hawakujua kusoma. Ilifanywa fupi ili iingie kwa sikio na itoke kwa mdomo, mezani au kitandani, gizani ikibidi. Musa naye, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, anawaagiza wazazi wa Israeli wawafundishe watoto wakiwa wamekaa nyumbani na wakiwa njiani. Hataji daftari.

Kuna wakati tumejiuliza ingekuwaje kwa watoto wa kwanza wa skuli za Kikristo hapa kisiwani. Askofu Tozer na Steere walipofika mwaka 1864, wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa na kukabidhiwa kwao na Sultani Majid. Baadaye wasichana waliookolewa vivyo hivyo walipata skuli yao Mbweni, na magofu yake yapo hadi leo. Watoto wale hawakuwa na nyumba ya kupeleka kazi. Hapakuwa na bibi wa kuandika "nimeona." Tukipita Mbweni huwa tunalikumbuka hilo, na madaftari yenye madoa ya mafuta ya taa yanatuonekea kuwa mali.

Lakini si wote walioridhika. Mkuu wa skuli alimwonya mwalimu wetu mara mbili, na tunakiri hoja yake ilikuwa na uzito: wazazi wanalipa ada, na kitu pekee wanachokiona usiku ni daftari. Wanahesabu kurasa. Na mlalamikaji mkubwa kuliko wote hakuwa jirani wa chuo bali mzee mmoja wa usharika wetu, askari mstaafu aliyeleta mwanawe skuli ile kwa shida. Alitujia baada ya ibada, kofia mkononi.

"Mchungaji, wale wengine wana chuo. Mwanangu hana chuo. Hesabu nne anamaliza kabla chai haijapoa, halafu yuko barabarani hadi usiku. Kwa nini mwanangu apunguziwe kwa ajili ya siku ya mtoto mwingine?"

Ni swali la haki, nasi hatukuwa na jibu la kumnyamazisha. Mwalimu alimpa lake: kwamba mtoto aliyemaliza mapema amweleze baba yake kwa maneno jinsi alivyoipata ile hesabu ya tatu, na baba asimsaidie, asikilize tu. Mzee akasema yeye hakulipa ada ili afanye kazi ya mwalimu. Alizungumza kwa adabu, lakini alimaanisha. Sisi tunaona alikosea hapo, na tulimwambia. Kusikiliza si kufundisha, na yule bibi wa Kikwajuni hakuijua hata herufi moja ya daftari lile lakini alijua mjukuu wake anasita wapi. Hakukubali. Muhula uliofuata alimhamishia mtoto skuli nyingine iliyojulikana kwa kujaza madaftari.

Umeme ulirudi tarehe 9 Machi 2010. Mji mzima ulipiga kelele, watoto wakakimbia vichochoroni. Mwalimu wetu alikuwa mezani na madaftari yake, 43 mara tatu, hesabu 129, pembeni ya karibu kila moja iliyokosewa pameandikwa maneno mawili matatu. Tulimuuliza kama sasa atarudi kwenye ishirini maana taa ipo. Akasema taa imerudi lakini saa za mtoto ni zile zile.

Alikaa nasi hadi alipoolewa, akahamia Tanga, na bado anafundisha. Katika darasa letu la kipaimara, ambako wazazi wengi hufanya kazi za zamu katika mahoteli ya Nungwi na Paje na hurudi usiku wa manane, tumeendelea na mtindo wake: kifungu kifupi, cha kusemwa kwa mdomo, kwa yeyote aliye nyumbani, hata kaka mkubwa, hata kwa simu. Yule askari mstaafu bado anasali nasi. Mwanawe alipobarikiwa mwaka 2015 aliijua Katekisimo yote bila kukosea, na tulimpongeza baba. Alituambia amemsikiliza mwenyewe kila Jumamosi, vifungu kumi kumi, si vinne.